Chupa Zilizorudi na Uzi Wangu

Jioni ile dada alisema kichwa kinamgonga, nikaenda mtoni peke yangu.

Nilibeba chupa moja ya kioo, kibiringo cha uzi mwekundu na tochi. Katika kamati yetu ya kulinda mto kila mtu alikuwa na kazi yake. Dada alichota maji, mimi nikafunga chupa, kisha dada akazipeleka maabara mjini, maana safari za kununua vitambaa vya duka letu ni zake. Mimi ni fundi cherehani. Shingoni mwa kila chupa nilizungusha uzi, nikapiga fundo langu la vifungo vya makoti, ambalo mtaa mzima unanitania kuwa hata mimi mwenyewe silifungui bila mkasi.

Nilikuwa nalionea fahari fundo lile. Mjinga mimi.

Kila mara majibu yalirudi yaleyale: maji hayana tatizo. Na kila mara samaki walielea tumbo juu, chini ya bomba la kiwanda cha ngozi, na watoto wakatokwa na vidonda miguuni. Kesho yake maofisa walikuwa wanakuja kuamua kama bomba libaki au lizibwe. Chupa ya jioni ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nilipokaribia kona ya mto nikasikia mtu anafua.

Pa… pa… pa…

Nikasimama. Hakuna anayefua pale tena. Ukifulia pale, nguo inarudi nyumbani inanuka mzoga. Lakini jioni ile harufu ya ngozi haikuwepo. Palinukia sabuni ya mche, ile ya zamani, tulipokuwa wadogo.

Mwanamke alikuwa ameinama majini, mgongo kwangu. Alipiga jiwe kwa mikono mitupu. Hakuwa na nguo yoyote ya kufua.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu ni adabu hata ukiwa unatetemeka.

Akaacha kupiga.

"Chukueni mizigo yenu," akanong'ona. "Kifua kimenijaa."

"Mizigo gani, mama?"

Akanyoosha mkono ukingoni, bila kugeuka. Nikamulika tochi.

Chupa. Zilikuwa zimepangwa juu ya mawe, zimejaa maji meusi, zina matope mapya. Na kila moja shingoni ilikuwa na uzi mwekundu.

Nikapapasa fundo la kwanza. Fundo langu. La pili, langu. Hakuna hata moja lililokatwa.

Chupa zangu hazijawahi kufika mjini.

"Mwambie mwenzako," ile sauti ikasema, safari hii karibu kabisa na sikio langu, "lile funda alilokunywa ni langu."

Nilipogeuka, mtoni hapakuwa na mtu. Harufu ya ngozi ikarudi kwa nguvu, nikatapika papo hapo. Kisha nikazikusanya chupa kwenye kanga yangu, nikatimua mbio.

Dada nilimkuta jikoni anakatakata vitunguu, kichwa kizima kabisa. Nilimweleza habari za mwanamke, chupa na lile funda. Ningemweleza nani mwingine? Huyu ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano. Aliniogesha, alinibeba mgongoni.

Alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akauliza jambo moja.

"Na leo alikuwa bado hajageuka?"

Sikuwa nimemwambia kwamba yule mwanamke alinipa mgongo.

"Dada… umewahi kumwona?"

"Shemeji yako wamempandisha cheo kiwandani," akasema taratibu. "Wanawe wanasoma. Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Zirudishe hizo chupa ulikozitoa, tulale."

"Watoto wana vidonda, dada. Na wako pia."

"Vidonda hupona."

Nililia usiku kucha kama mtoto aliyeachwa sokoni. Lakini nilijipa moyo kwamba asubuhi atasema mwenyewe. Ni dada yangu.

Asubuhi, ukumbini, kweli alikuwa wa kwanza kusimama.

"Inaniuma kusema haya," akawaambia wanakamati na maofisa, akifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Yeye ndiye hunifungashia chupa ndani ya kitambaa. Mimi mbebaji tu. Jana nilimkuta na chupa za kweli chumbani kwake, alikuwa amezificha. Hizi hapa, tazameni mafundo. Nani mwingine anayafunga?"

Watu wakanigeukia. Mafundo yalikuwa yangu, hilo hata mimi nisingeweza kulikana. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe nilikuwa nimeishona mimi.

Mwenyekiti wetu ni nesi mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku ya kuanzisha kamati alitunywesha kila mmoja funda la maji ya juu ya bomba, yaliyo safi bado, tukaapa kutouza mto.

"Tulianza kwa kunywa," akasema. "Na leo tunywe."

Alijaza kikombe. Nikanywa mimi. Maji yalikuwa baridi, yakashuka.

Akanywa dada. Funda moja, mbele ya wote. Akarudisha kikombe mezani, akanitazama kwa macho makavu.

Kisha akameza tena.

Kikombe kilikuwa mezani.

Akameza tena. Na tena. Akashika koo, macho yakamtoka. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini koo lilipanda na kushuka, na sote tukasikia maji yakiingia. Glu… glu… glu… Ukumbi ukaanza kunuka ngozi mbichi. Tone jeusi likamtoka puani, likaangukia kanga yake nyeupe.

Nesi hakumgusa. Aliwasogezea maofisa chupa zangu. "Hizi ndizo mpime," akasema.

Walizipima. Bomba limezibwa, samaki wameanza kuonekana. Hospitali wamempiga dada picha kila pembe ya mwili, wanasema hana kitu. Shemeji alihama na wanawe. Dada wamemwacha kwangu.

Mchana anakaa mlangoni kimya, mzima tu. Jua likianza kuzama anaanza kumeza. Namwekea beseni, namfuta mdomo, namshikilia kichwa kama alivyonishikilia mimi nikiwa na homa. Watu wanasema nina moyo. Sina. Sijamsamehe, naye hajaniomba.

Jana, katikati ya kumeza, aliacha ghafla. Akainua uso, akatazama nyuma ya bega langu.

"Leo amegeuka," akanong'ona.

Nyuma yangu palinukia sabuni ya mche.