Waliniambia Natia Maji

"Nimemwona kwa macho yangu, bosi. Anatia maji!"

Jamani... aliyesema hivyo ni Shosti! Shosti ninayekula naye sahani moja, watoto wangu wanamwita mama mdogo!



Ngoja niwaeleze kazi yetu. Kiwandani tunatengeneza dawa ya matone kwa macho makavu. Ute wake ni unga wa selulosi, unatokana na mimea, tunayeyusha kidogo tu kwenye maji mengi. Mimi ndiye mpimaji. Ute unashuka ndani ya mrija mwembamba wa kioo, toka alama ya juu hadi ya chini, mimi nimeshika saa. Ukiwahi, mwepesi. Ukichelewa, mzito.

Wiki nzima ukawa unawahi. Nikachanganya upya, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi... wapi! Mapipa yakamwagwa, lawama zote kwangu.

"Kusanya vitu vyako," bosi akasema.

Na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu! Nililia kwa hasira mbele ya watu.

"Bosi, niache nipime maji matupu kwanza."

"Ya nini tena?"

"Maji hayo nitayatia maji gani?!"

Muda wa maji kwenye mrija wangu naujua kama jina langu. Nikamimina, nikabonyeza saa...

Yakawahi!

Nikauinua mrija kwenye mwanga. Namba iliyochongwa kwenye kioo haikuwa ya mrija wangu. Wiki nzima sijaitazama!

"Shosti, umenibadilishia mrija?"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

Bosi akakohoa.

"Ule wako uliniponyoka nikiwaonyesha wageni, ukavunjika. Nikachukua mwingine kabatini. Si vioo tu, vyote sawa?"

Sawa?! Tundu likiwa pana kidogo tu, kila kitu kinawahi! Nilitamani kupiga kelele.

"Basi Shosti, maji uliniona nikiyatia wapi?"

Akainamisha kichwa.

"Nilitaka nafasi yako..."

"Yaishe, rudini kazini," bosi akasema. Hata pole hakuna!

Nimerudi, nifanyeje? Mrija wangu mpya naufungia kabatini, ufunguo hata bosi hana.

Wapendwa, ukiambiwa umeharibu, kabla hujalia kama mimi, kagua kwanza wanachokupimia.

Ila watoto kila jioni wananiuliza mama mdogo mbona haji siku hizi.

Nawajibu nini?