Daraja la Kwenda Malishoni

Nikisikia harufu ya moshi wa mti wa mreteni, machozi hunitoka. Sioni haya kusema. Harufu hiyo ni ya mama mkwe wangu, Burulkan, akifukiza kiriba cha ngozi kabla ya kutia maziwa ya farasi.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Kama desturi ya kila kiangazi, tulipandisha mifugo mlimani, mahali paitwapo Suusamyr, tukaishi ndani ya hema mpaka Septemba. Mimi na mume wangu Kubat tulikamua farasi. Mama mkwe alichachusha maziwa yakawa kumisi. Baba mkwe, Mzee Toktosun, aliiteremsha kwa gari hadi barabara kuu na kuwauzia wasafiri. Madereva wa malori waliwapita wauzaji wengine wote wakaja kwetu. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Kiangazi kilichofuata mambo yaliharibika. Theluji iliyeyuka kwa kasi, mto ukafurika, ukabeba daraja letu la mbao. Gari halikuweza kuvuka. Tulizunguka kwa farasi, nusu siku nzima, hadi kwenye kivuko cha juu. Mama mkwe alikuwa anaumwa magoti, kupanda farasi hawezi. Akabaki kijijini.

Basi kumisi nikatengeneza mimi, tukaiteremsha barabarani kwa farasi. Ilikuwa balaa. Dereva mmoja alionja, akatema.

"Dada, hii ni kumisi au siki?"

Nilijificha nyuma ya farasi nikalia. Mama hakuwa amenifundisha bado, na ujuzi ule alikuwa nao yeye peke yake. Wateja wakaanza kutupita. Kumisi ndiyo iliyotulisha mwaka mzima.

Mwezi wa Julai kamati ya malisho iliitisha mkutano kijijini. Baba mkwe alisimama wa kwanza. Alikuwa mtu wa hasira za karibu.

"Ada ya malisho tunalipa! Daraja liko wapi? Mmekula!"

Karani wa kamati alikuwa mama mmoja anaitwa Jumagul. Hakutishika. Alifungua daftari lake.

"Mzee Toktosun, ulituambia una farasi jike wangapi?"

Baba akakohoa. "Watano."

Watu waliangua kicheko. Kijiji kizima kilijua tuna kumi na wanne. Aliyecheka zaidi alikuwa jirani yetu Mambet.

"Na wewe Mambet unacheka nini?" Jumagul akamgeukia. "Umeandikisha kondoo thelathini, na mlima mzima ni mweupe kwa kondoo wako!"

Mambet akaacha kucheka, akavuta kofia usoni.

Kwetu, mtu hataji idadi ya mifugo yake. Wazee walituonya kwamba ukiihesabu kwa sauti, unawaita mbwa mwitu na jicho baya. Lakini nisiwafiche. Hofu ya jicho ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ubahili.

Kesho yake Jumagul akapanda hadi hemani kwetu. Nilimpa bakuli la kumisi yangu. Maskini, aliimeza yote kwa adabu.

"Mzee wangu," alisema, "ada hii hailipwi kwa nyumba. Inalipwa kwa kila mnyama. Fedha zinabaki hapa hapa, zinatengeneza njia na madaraja ya malishoni. Kila mtu akificha nusu ya mifugo, tunapata nusu ya daraja. Nani atavuka kwa nusu ya daraja?"

Baba mkwe alikoroga chai yake.

"Kuna jingine. Serikali inataka kila farasi wa maziwa apimwe magonjwa ndipo uuze kumisi. Daktari wa mifugo analeta vipimo kwa idadi uliyotaja. Farasi wako tisa hawajapimwa, na watoto wa watu wanakunywa maziwa yao. Mkaguzi akija, biashara yako imekwisha."

"Nikiwataja wote, si mtanitoza zaidi?"

"Tutakutoza zaidi. Sikudanganyi."

"Na fedha zikiliwa?"

"Matumizi tunayabandika mlangoni mwa ofisi. Njoo usome. Ukiona pengo, nipigie kelele kama jana. Ni haki yako."

Baba alitoka nje. Tulimfuata. Alisimama akiwatazama farasi wake. Nilimwonea huruma. Kuitamka idadi ile hakuweza.

"Binti, chukua kalamu," alisema mwishowe. "Yule mweusi mwenye paji jeupe. Yule wa kijivu, ni mtoto wake. Yule mwekundu mpiga mateke. Yule anayechechemea..."

Aliwataja mmoja mmoja kwa rangi na tabia. Jumagul akachora mstari kwa kila mmoja, na hakutamka idadi hata mara moja. Mwenye akili yule!

Habari zilienea. Wiki hiyo hiyo Mambet alimwita Jumagul akamtajia kondoo wake. Wapo waliomtania kwamba, kwa kuwa wote ni weupe, atatumia saa mbili akieleza masikio ya kila mmoja. Wengine wakafuata. Daktari wa mifugo alirudi na vipimo vya kutosha, farasi wetu wote wakapimwa, tukapata cheti. Vuli ilipofika, kamati ilinunua saruji na nondo, na wanaume wakajitolea kubeba mawe. Baba mkwe alienda ofisini kusoma matumizi mara nne. Hakukosa pa kugombana.

Juni iliyofuata gari letu lilifika mtoni, penye daraja jipya. Mama mkwe akaomba ateremke. Alitaka kuvuka kwa miguu yake. Nilimshika mkono.

"Usinishike kama yai, mwanangu. Twende."

Siku chache baada ya kufika hemani, alionja kumisi yangu, akafumba macho.

"Wee! Hii ndiyo uliyowapa wateja wangu? Na bado wanakusalimia?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha akaweka mkono wangu juu ya mti wa kukorogea, na wake juu ya wangu, akanifundisha kusikiliza sauti ya maziwa yanapoiva. Madereva walirudi kabla mwezi haujaisha.

Alipanda mlimani kiangazi kile na kingine kimoja. Kabla ya cha tatu alifariki.

Kila Mei naenda kwa Jumagul kulipa ada, naye huniuliza kama nimeona imepanda. Nimeiona. Lakini ada ile ilinipa viangazi viwili na mama mkwe wangu, na mimi sijui kitu kingine kilichouzwa rahisi namna hiyo.