Mpangaji Naye Ana Mtaa

Alfonsi alichemsha chai, akanywa peke yake. Kisha akakaa mlangoni na patasi yake, akaanza kuchonga mwiko. Hakuna aliyepita. Hakuna aliyemsalimia.

Alikuwa mtu wa Newala, lakini alikaa Gongo la Mboto miaka mingi, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kazi yake ilikuwa kuchonga miiko na mbuzi za kukunia nazi. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mkewe alikuwa amefariki, nao hawakujaliwa mtoto.

Hapo nyuma upweke haukumsumbua sana. Kila asubuhi alipita kwenye kichochoro kando ya nyumba, akatokea barabarani. Alipanga miiko yake karibu na wauza samaki. Pale alitaniwa, naye akatania.

Kisha jirani yake, Jabiri, akajenga ukuta. Ukuta ule uliziba kichochoro chote. Watu wenye miguu mizima walizungukia korongoni. Baiskeli ya Alfonsi haikuweza kushuka korongo. Basi akabaki ndani. Wateja wachache waliojua nyumba walimfuata. Wengine walinunua kwingine.

Upande wa pili wa ukuta aliwasikia wauza samaki.

"Nurdin, samaki wako huyo amekufa mara mbili!" mmoja alisema.

"Mzikeni basi!" Alfonsi akajibu kutoka mlangoni kwake.

Hakuna aliyemsikia. Wenzake walicheka kwa jambo jingine. Akarudi kwenye mwiko wake.

Aliwahi kumpigia simu mwenye nyumba, Bi Najma, anayekaa Mbezi Beach.

"Bi Najma, njia imezibwa. Nakuomba uwaambie wakubwa wa mtaa."

"Nitalishughulikia, fundi. Vumilia kidogo."

Alivumilia. Alipopiga tena, simu haikupokelewa.

Siku moja mwanamke alitokea korongoni, viatu mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa Mwanaasha, muuza vitumbua wa pale barabarani. Wengi humwita Mama Twaha.

"Hodi! Fundi, uko hai?"

"Karibu, Mama Twaha. Nipo."

"Upo wapi? Mbuzi yangu imelegea, nakutafuta pale kwako sikuoni. Nikasema huyu karudi kwao Newala bila kuaga."

"Nitarudije? Huoni ukuta?"

Mama Twaha akautazama ukuta, akaitazama baiskeli. Sura yake ikabadilika.

"Kumbe umefungiwa! Umesema wapi?"

"Nimemwambia mwenye nyumba."

"Anakaa hapa?"

"Anakaa Mbezi Beach."

"Sasa njia ya hapa inamuuma nini yeye?"

"Mie mpangaji tu, Mama Twaha. Mikutano ya mtaa ni ya wenye nyumba na watu wa chama. Nikaseme nini?"

Mama Twaha akaangua kicheko. "Nani kakudanganya? Mie mwenyewe mpangaji, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Walionichagua wengi wao wamepanga."

Akavuta kigoda, akaketi, akaeleza. Mkutano wa mtaa si mkutano wa chama. Ni wa wakazi wote wa mtaa waliofikisha miaka kumi na minane. Awe na nyumba au awe amepanga. Awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Ana haki ya kuingia, kuuliza, kutoa maoni na kunyoosha mkono wakati wa kuamua.

"Ila usingoje ile sehemu ya mengineyo," akasema. "Pale watu wameshasimama, wanakung'uta nguo. Jambo lipelekwe mapema kwa mwenyekiti au mtendaji, liwe ajenda. Kulipeleka nitalipeleka mie. Kulisema utalisema wewe."

"Si unisemee wewe? Unajua kuongea."

"Mie napita korongoni. Aliyefungiwa ni wewe."

Alfonsi akaweka patasi chini. "Nitafikaje?"

"Tutakubeba na baiskeli yako."

"Sitaki kubebwa kama gunia la mkaa."

"Basi kaa humo na miiko yako. Ukiugua itakupikia uji."

Siku ya mkutano, Nurdin na mwenzake walimbeba kupita korongoni, kisha wakarudi kuchukua baiskeli. Alfonsi alifumba macho kwa aibu. Hakuna aliyemcheka. Nurdin alilalamika tu: "Fundi, huendi popote halafu mzito hivi. Unakula nini?"

Watu walikaa chini ya turubai mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aitwaye Herieth. Ilipofika ajenda ya njia, Jabiri alisimama kwanza.

"Kichochoro kile ni cha vibaka," alisema. "Nimeibiwa hadi nimechoka. Nimejenga kulinda familia yangu. Na huyu anayelalamika hana hata tofali moja mtaa huu. Mpangaji! Kesho anahama."

"Bwana Jabiri," mwenyekiti akasema, "hapa hatuulizani matofali. Anakaa mtaa huu, ana haki ya kusema. Fundi, tunakusikiliza."

Alfonsi alijisogeza mbele. Alishika magurudumu ya baiskeli yake kwa nguvu.

"Jabiri hakosei kuogopa wezi. Mie pia nawaogopa. Lakini tangu ukuta umesimama, nasikia mnavyotaniana upande wa pili. Huwa nawajibu. Nawajibu peke yangu, kama mwendawazimu. Nikifa mle ndani, mtajua kwa harufu. Naomba njia. Sina jingine."

Mama mmoja, Sekela, akanyoosha mkono. "Na mjamzito wa kule nyuma akishikwa na uchungu, ashuke korongoni?"

"Hofu ya wezi dawa yake taa," Nurdin akasema. "Tuchange, tuweke taa."

Mikono mingi ikanyooshwa. Mkutano ukaamua njia ifunguliwe na taa iwekwe. Uamuzi ukaandikwa kwenye muhtasari. Jabiri alikubali shingo upande.

Lakini mkutano hauvunji ukuta. Ukuta huvunjwa kwa nyundo. Wiki zikapita, ukuta upo. Alfonsi alirudi kukaa mlangoni na kusikiliza vicheko vya wengine. Safari hii vilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa ameshakaa tena na watu. Akampigia simu Mama Twaha.

"Kumbe yalikuwa maneno tu."

"Umemuuliza mtendaji?"

"Sijamuuliza."

"Uamuzi hufuatiliwa, fundi. Ukinyamaza watajua umeridhika. Namba yake hii, andika."

Alfonsi akapiga. Akaambiwa asubiri. Akapiga tena, na tena, kwa adabu lakini bila kuchoka. Mwishowe mtendaji wa mtaa alikuja na afisa wa ardhi. Walipima, wakamwonyesha Jabiri mpaka wake unapoishia. Kichochoro kilikuwa njia ya wote. Jabiri hakubisha tena. Alileta mafundi, wakavunja, wakaujenga ukuta ndani ya mpaka. Mlangoni pa kichochoro ikafungwa taa.

Asubuhi iliyofuata Alfonsi alipakia miiko, akatoka. Alipofika katikati ya kichochoro akasimama. Alitaka kutazama tu. Aliona barabara. Aliona moshi wa vitumbua. Aliwaona watu wakipita huku na huku, wengi wao asiowajua.

Honi ikalia nyuma yake. Bodaboda.

"We mzee, sogea! Umeziba njia!"

Alfonsi akageuka. "Shika adabu wewe! Njia hii nimeisemea mkutanoni!"

"Umeisemea ili uilalie?"

Wauza samaki wakaangua kicheko. Alfonsi naye akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Kisha akasogea, akampisha.