Nusu Saa, Mara Tano

Nasuru hupakia saruji kwenye malori mjini Tororo. Adhana haimpiti. Hata mnyororo wa lori ulipomchana muundi, aliuliza kwanza saa ya swala, ndipo akaulizia daktari. Ndivyo alivyo.

Hospitalini walimtia sponji ndani ya kidonda. Juu wakafunika kwa plastiki inayonata. Mrija ukatoka hapo hadi kwenye mashine ndogo ya kuvuta uchafu na kuumimina kwenye chupa yake. Akarudi nayo nyumbani.

Siku ya tatu muuguzi Justine alikuja kubadilisha sponji. Alipobandua plastiki, harufu ilijaa chumbani. Zubaida, mke wa Nasuru, aliziba pua. Nyama iliyokuwa nyekundu imegeuka kijivu!

"Mashini ilizimika?" Justine aliuliza.

"Nazima mimi, saa ya swala tu," alisema Zubaida. "Ile chupa iko na damu na usaha. Ni najisi, haifai ivute mtu akiswali."

"Mara ngapi?"

"Tano."

"Dakika ngapi?"

"Kama nusu saa. Mzee anapenda kukaa na tasbihi."

Justine alihesabu kwa vidole. "Hiyo ni masaa mbili na nusu kila siku. Haifai kupita masaa mbili."

Zubaida aliduwaa. Nusu saa ni kitu gani? Lakini haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha ubaya.

"Mama Nasifa, sikia," Justine alimwambia Zubaida. "Mashini inavuta maji chafu, inasaidia kidonda kufunga. Ukizima, uchafu unabaki chini ya plastiki. Vijidudu vinazaa hapo. Vikifika kwa mfupa, mguu unaweza kukatwa."

Zubaida alitazama kidole chake kilichobonyeza kitufe.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Mambo ya swala mimi sijui. Uliza shehe wenu."

Zubaida alimpigia Shehe Ibra pale pale, akamweleza.

"Nani aliwaambia muzime?" shehe alishangaa. "Mgonjwa anaswali na hali yake. Siku tatu, na hamukuuliza?"

Nasuru aliinamisha kichwa. Alikuwa ameona haya kumtajia shehe usaha.

Siku hiyo hiyo walirudi hospitalini. Daktari alikata nyama iliyooza, akaweka sponji mpya. Tangu hapo mashine ilinguruma kando ya mkeka, swala zote tano. Ikinyamaza, Zubaida aliangalia chaja. Ikikataa kuwaka, alimpigia Justine bila kungoja.

Baada ya wiki tano kidonda kilijaa nyama nyekundu. Mashine ikarudishwa.

Ijumaa Nasuru alitoka kwenda msikitini. Zubaida alisimama mlangoni akiitazama miguu ile miwili, mpaka ikapotea kwenye kona.