Kitanda cha Mbao za Mbusa

Asubuhi ya kwanza Halima alidhani tu kwamba mgeni amekojoa kitandani. Shuka la chumba namba tatu lilikuwa limeloa chapachapa, godoro nalo, na kwa kuwa aliyelala pale alikuwa mwalimu mzima mwenye ndevu zake, Halima alinyamaza kwa heshima akavianika uani. Vilipoanza kukauka ndipo harufu ilipomfikia. Haikuwa ya mkojo. Ilikuwa harufu ya tope la ziwa na samaki aliyesahauliwa kwenye ndoo.

Nyumba yao ya wageni ilikuwa na miezi mitatu tu, katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edouard. Bilali, mumewe, alikuwa dereva wa lori wa Butembo, amechoka kubeba maharage ya Musienene, akaota ndoto yake: watu wa Butembo na Beni washuke mwisho wa juma, wapelekwe majini kuangalia viboko na ndege mwari, wale samaki wa kuchoma, walale. Na kweli walikuja. Walipiga picha na wale korongo wakubwa wanaozurura sokoni utadhani ndio wenye kijiji. Lakini walichokipenda kuliko vyote ni kitanda cha namba tatu, kilichotengenezwa kwa mbao za mtumbwi wa zamani, rangi yake ya bluu bado ipo ubavuni.

Mtumbwi huo Bilali aliukuta ufukweni umelazwa kifudifudi, majani yameota pembeni. Wavuvi walimwambia wazi. Ulikuwa wa Mbusa, aliyezama na mwili wake haukuonekana, na mtumbwi wa mtu wa namna hiyo haukarabatiwi wala hauchomwi. Hulazwa uso chini mpaka uoze wenyewe, ili kilichoingia ndani yake kisipate pa kukaa. Bilali alicheka. Mbao ni mbao, akasema, akaita seremala. Ndivyo alivyo Bilali, mtu wa kupandisha mlima na lori lisilo na breki, kisha anajisifu.

Mgeni wa pili naye aliamka ameloa. Baada yake wakaja bwana na bibi harusi, wakaondoka kabla ya chai, nywele zinachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Halima alikifunga chumba kile. Lakini adhuhuri moja alikifungua kipate hewa, akaenda kisimani, na Hawa, binti yao wa pekee, wa miaka tisa, akaingia kutafuta ubaridi akalala.

Halima aliporudi alimkuta amelala chali, macho wazi, mwili mkavu kabisa. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa unafanya kazi. Ulishuka ubavuni mwa kitanda, ukachota, ukapanda, ukamwaga nyuma ya bega. Ukashuka tena. Sakafu ilikuwa saruji kavu, lakini kila mkono uliposhuka sauti ilisikika wazi: chubwi… chwaa.

"Hawa. Hawa, mama yangu, unafanya nini?"

"Niko natosha maji, naitoa mu mutumbwi," mtoto akanong'ona. "Nikiacha, tutazama."

"Weye na nani?"

Hawa aligeuza macho polepole hadi mwisho wa kitanda. Pale godoro lilikuwa limebonyea, kana kwamba mtu mzito amekaa. Halima akamnyakua mtoto akatoka mbio.

Mkono haukukoma. Walimhamishia kitandani kwao, mkono ukaendelea kuchota. Walimsomea dua, ukaendelea. Na siku ya pili, Bilali alipoona mtoto amekonda na bega limevimba, aliufunga ule mkono kwa kitenge ubavuni, na papo hapo Hawa akaanza kukoroma, kifua kikajaa, maji yakamtoka puani na mdomoni, maji ya kijani yenye harufu ya tope, yakafurika shingoni na kwenye mto wa kulalia, midomo ikageuka bluu, mpaka Halima akakikata kitenge kwa kisu akipiga kelele, na mkono ukashuka, ukachota, na mtoto akapumua. Bilali alikaa chini akalia mbele ya mkewe bila kujificha.

Shehe Issaka alifika kutoka Butembo kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Alisoma tangu saa tatu hadi adhuhuri. Mwishowe kinywa cha mtoto kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, iliyojaa maji.

"Murudishe pirogi yangu, mutumbwi yangu. Yote."

Agar, mjane wa Mbusa, alikuwa amesimama mlangoni na rozari yake. Akatikisa kichwa. "Ile hapana sauti ya bwana yangu."

"Ni kweli, mama," Shehe akasema chini chini. "Mufu haongei. Hii ni jini ya ziwa, ilikamata kiti yake. Donc basi mukusanye mbao yote, murudishe pale ilikuwa."

Walikibomoa kitanda. Wavuvi wakaunganisha mbao moja moja ufukweni, wala hakuna aliyemsuta Bilali, na hilo lilimuumiza zaidi. Kisha Agar akasimama mbele ya pengo.

"Kipande ya nyuma iko wapi?"

Halima ndiye aliyejua. Kipande kile seremala alikiacha uani, na siku ya kufungua nyumba, kuni zilipokwisha, yeye mwenyewe alikipasua akawachomea wageni samaki.

"Nyamuhanga," Agar akaguna, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Sasa pirogi iko na tundu. Itatafuta tu mutu wa kutosha maji. Mutoto hataachiwa."

"Basi anikamate miye," Halima akasema.

"Mama Hawa, nyamaza!" Shehe alimshika mkono. "Maneno kama ile inasikiwa!"

"Nataka isikiwe." Alijichopoa mkononi mwake, akaingia ziwani hadi kiunoni, mbele ya viboko waliokuwa wakikoroma mbali kidogo. "Ni miye nilichoma! Achia mutoto wangu, unikamate miye!"

Maji yalikuwa yametulia. Wavuvi waliulaza mtumbwi kifudifudi, na jirani akaja mbio kutoka nyumbani: mkono wa Hawa umesimama.

Mtoto alikuwa amekaa, anaomba chakula. Bilali alimkumbatia huku akicheka na kulia kwa pamoja. Halima akaenda jikoni kupika bukari, ugali wa muhogo, akamlisha binti yake tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akamshukuru Mungu.

"Mama Hawa, inatosha kukoroga," Bilali akasema nyuma yake. "Weka mwiko chini, kuya ukule."

Lakini mwiko ulikuwa mezani. Halima alitazama mkono wake wa kulia. Ulishuka kando ya kigoda, kwenye udongo mkavu, ukachota, ukapanda, ukamwaga nyuma ya bega. Chubwi… chwaa. Alijaribu kuuzuia, na kifua chake kikajaa maji.

Hawa aliacha kutafuna. Alimtazama mama yake, machozi yakimtiririka.

"Mama," akanong'ona, "usiache."