Nusu Biskuti

Rafiki yangu mmoja, fundi kufuli, aliitwa kubadilisha kitasa cha stoo katika nyumba ambamo mama yake alifua nguo miaka nenda miaka rudi. Damu ilimchemka kabla hajafika getini. Stoo ile aliijua kwa ndani: utotoni, wageni wakija, mwenye nyumba alimfungia humo asimwaibishe. Mtoto wa mwenye nyumba, waliyekuwa naye chanda na pete, alikuja kukwaruza mlango kwa kucha, kisha akampenyezea nusu ya biskuti yake kwa chini. Walipokua, fundi alipokwenda kumsalimia, huyo huyo alimwambia mlinzi, "Simjui mtu huyu, mtoe." Mwaka jana mwana huyo wa mwenye nyumba akafa, akazikwa.

"Fanya haraka, fundi, nina wageni," alisema mwenye nyumba, sasa bibi kizee. Hakumtambua hata kidogo.

"Wageni tena!" fundi akasonya. Akaingia stooni kukijaribu kitasa kwa ndani, na mlango ukajifunga. Giza totoro. Kwa nje, kucha zikaanza kukwaruza mbao, taratibu.

"Potelea mbali!" akafoka. "Si ulisema hunijui?"

Mkwaruzo ukakoma. Kitu kikapenyezwa chini ya mlango, kikamgusa kidole. Akawasha tochi ya simu. Ilikuwa nusu biskuti yenye alama za meno madogo ya mtoto, na pale ilipong'atwa, mate yalikuwa bado hayajakauka.