Koti Lililobaki Homa Bay

"Mama, hili koti linanimeza," mwanamume mmoja alisema juu ya kelele za soko la mitumba la Migori.

Nyanchoka aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hakuwa mama wa mtu, na jibu kali lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akamwona vizuri: mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, na juu yake koti zito la kahawia ambalo mikono yake ilifunika vidole vyote.

"Mimi ni dada, si mama," alisema. "Nyoosha mkono."

"Samahani, dada. Ni vile ulivyokuwa umekunja uso."

"Aliyelivaa hili kwanza alikuwa anachuma maembe bila ngazi. Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mizani. Ya dhahabu kule Macalder, ya samaki kule Sori. Mizani ikidanganya, wananiita mimi."

"Na wewe ukidanganya, wanamwita nani?"

"Hajapatikana bado," alisema, akimtazama. "Labda nimempata leo."

Nyanchoka aliinama haraka juu ya kitambaa ili asionekane akitabasamu. Alipunguza ile mikono. Uzi wa kahawia ulimwishia katikati ya kazi, kwa hiyo upande wa ndani, pasipoonekana, akamalizia kwa uzi wa zambarau. Vile vipande viwili alivyovikata alivitia kwenye mkebe wa vifungo, wala hakujiuliza kwa nini.

Mwanamume huyo aliitwa Benard Obare. Wiki iliyofuata alirudi na kifungo kilichotoka. Wiki ya pili, kingine. Mara ya tatu Nyanchoka alitazama nyuzi zilizokatika akasema, "Benard, hiki umekikata kwa wembe."

"Nifanye nini? Koti lako ni imara, na mimi nataka kukuona."

Simu zilianza hapo. Alipiga akiwa kazini, upepo wa ziwa ukivuma ndani ya simu. "Malkia wa cherehani, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Niko Macalder. Nimekula vumbi, na bado nina nafasi ya chapati zako."

Mwaka ulipita, na wote wawili wakaenda kwa paroko kuomba ndoa. Katika parokia yao majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu mfululizo, na mwenye kujua kizuizi huombwa aseme. Jumapili ya kwanza Nyanchoka alivaa kitenge cha buluu, akasikia jina lake likisomwa pamoja na la Benard, akamshukuru Mungu huku machozi yakimlenga. Jumapili ya pili majina yalisomwa tena. Jambo moja tu lilimsumbua. Tangu mvua za Aprili hakuwa amemwona Benard na lile koti. Alipomuuliza, alijibu, "Nililiacha mahali," kisha akaanza kuzungumza juu ya keki.

Jumatatu, Mong'ina, aliyeuza nguo za watoto kwenye meza ya pili, alisogeza kigoda chake.

"Dada yangu, ni fununu tu, mimi sijui kitu."

"Kama hujui, usiniambie."

"Inasemekana Benard ana mke Homa Bay. Mjane wa kakake. Koti lake limetundikwa kwa yule mama, na huko kwao koti la shemeji likitundikwa kwa mjane, watu wanajua amerithiwa."

"Nani amesema?"

"Yule mama anayeuza omena."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Aki Nyanchoka, fununu haina mwenyewe."

Fununu ni habari ambayo bado haijathibitishwa. Hiyo ndiyo maana yake, na ni maana nzuri, kwa sababu inamwonya msikilizaji. Lakini sokoni mtu husema "ni fununu tu" kama anayevua viatu mlangoni. Akishavivua, anaingia ndani, anakaa, na hakuna wa kumtoa.

Kufikia Jumatano ilikuwa imefika kanisani. Katekista Nyamongo, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita Nyanchoka kando.

"Binti yangu, sikubali wala sikatai. Lakini tangazo la tatu haliwezi kusomwa. Benard alete barua kutoka kwao kwamba yuko huru, itiwe sahihi na mkubwa wa boma."

Jioni alimpigia Benard. "Koti liko wapi?"

Benard alianza kuuliza habari za keki.

"Benard, una mke?"

"Sina mke. Naapa mbele ya Mungu."

"Koti liko wapi?"

"Mpenzi, hilo siwezi kukuambia. Nimemwahidi mtu."

"Basi mtu huyo asomewe tangazo," alisema, akakata simu. Ilipoita tena aliitazama mpaka ikanyamaza. Angewezaje kuthibitisha kwamba jambo halipo? Jambo lililopo huonyeshwa kwa kidole. Alipiga magoti, akasali sala isiyo na maneno mazuri: Baba, nionyeshe. Na kama hutanionyesha, nishike tu.

Alhamisi alifunika cherehani akaenda Homa Bay. Marcella, mjane huyo, alimjua kwa jina na kwa sauti ya simu tu. Mjini alimuuliza mtu wa boda boda kama anaijua nyumba yake.

"Marcella aliyerithiwa na fundi wa mizani? Panda, mama."

Nyanchoka alipanda. Safari hii hakukumbuka kusema kwamba yeye si mama.

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, ya udongo uliopakwa saruji, na bati jipya upande mmoja wa paa. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani alikuwa akianua nguo za shule. Alimtazama mgeni kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiwe Nyanchoka," alisema. "Karibu, mdogo wangu. Nilijua utakuja."

Koti lilikuwa ndani, kwenye msumari, mkabala na mlango, mahali ambapo kila anayeingia angeliona. Nyanchoka hakusubiri kualikwa. Alipindua mkono mmoja wa koti, na uzi wa zambarau ukamtazama.

"Hajawahi kulala hapa," Marcella alisema nyuma yake. "Aprili alikuja kunizibia paa. Alivua koti akapanda juu, jua likawa kali, akaondoka akalisahau. Mimi ndiye niliyelitundika."

"Kwa nini?"

"Kaka mkubwa wa Benard na marehemu mume wangu anataka kunirithi, mimi pamoja na shamba. Kila jioni alikuwa anabisha hodi. Alipoliona hilo koti, akageuka. Tangu siku hiyo nalala, na watoto wangu wanalala." Marcella alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Benard alipiga simu akasema atakuja kulichukua. Nikamlilia. Nikamwomba anyamaze mpaka karatasi za urithi wa shamba zitoke kortini. Sikusema uongo, mdogo wangu. Watu walisema wenyewe. Mimi sikukanusha tu."

"Zitatoka lini?"

"Waliniambia Mei. Halafu Agosti. Sasa hawaniambii."

"Na barua ya kanisa, anatia sahihi nani?"

"Yeye huyo. Ndiye mkubwa wa boma."

Nyanchoka alielewa. Hata kama paroko angenyamaza, barua ingemwambia kaka huyo kwamba Benard hakumrithi Marcella, na angerudi kubisha hodi.

Marcella aliinuka, akalitoa koti kwenye msumari, akalishika mbele yake kwa mikono miwili. "Ni lako. Chukua. Sitakulaumu."

Lilikuwa zito kama siku ile sokoni. Nyanchoka alilipokea, akaliegemeza kifuani, akasikia harufu ya moshi wa jikoni badala ya harufu ya Benard. Nje, watoto wawili waliovaa sare walikuwa wakicheka na kusukumana. Alitamani sana mtu amwambie la kufanya. Hakuna aliyemwambia.

Akalirudisha kwenye msumari, akalinyoosha mabega.

"Ero kamano. Asante, mdogo wangu," Marcella alisema.

Akiwa barabarani, Nyanchoka alipiga simu. Ilipokewa kabla ya mlio wa pili.

"Nimeliona koti," alisema.

Benard alishusha pumzi. "Umelichukua?"

"Nimeliacha."

"Nyanchoka..."

"Ungeniambia, mpumbavu wewe. Ningelia, lakini ningenyamaza."

"Niliogopa kukubebesha siri hii. Sasa tumebeba watatu."

"Haya. Jumapili uje kanisani. Usikae nyuma."

Kabla ya misa Nyamongo alimsubiri mlangoni. "Binti, umepata jibu?"

"Nimepata, baba. Lakini siwezi kukupa."

Mzee alivua miwani yake, akaifuta polepole. "Basi na mimi siwezi kusoma," alisema, na ilionekana kwamba jambo hilo lilimuuma.

Majina ya wachumba wengine yalisomwa. Nyanchoka na Benard walikaa benchi moja, la tatu kutoka mbele, yeye na kitenge chake cha buluu, Benard na shati lake jeupe bila koti, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nyuma yao mtu alinong'ona, "Inasemekana." Nyanchoka aliinamisha kichwa akamwombea aliyenong'ona, kisha Marcella, kisha watu wa korti, mmoja mmoja, bila kuwajua majina.

Misa ilipoisha, watu walisimama uani kama kawaida, Mong'ina akiwa katikati yao. Nyanchoka alifungua mkoba, akatoa futi yake ya kupimia nguo.

"Nyoosha mkono," alimwambia Benard.

"Hapa? Mbele ya watu wote?"

"Nyoosha."

"Lakini kipimo changu unakikumbuka."

"Nakikumbuka. Nyoosha tu."

Akanyoosha. Uani watu wakageuka kutazama. Nyanchoka alipima kutoka begani hadi kifundo cha mkono, taratibu, kidole chake kikipita juu ya shati jeupe.

"Koti la arusi," alisema, kwa sauti ya kawaida.

"Litakuwa tayari lini?"

"Karatasi za watu zikitoka."

"Na zisipotoka mwaka huu?"

Alikunja futi, akaitia mkobani, na mkono wake ukabaki umeshika wa Benard.

"Nitashona polepole," alisema.